Futiboli Iende Zake, Wengine Warudi kwa Jirani

Msimu uliopita mpwa wangu alinipigia simu saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, jua limeshika utosi. Kwake, pwani ya magharibi ya Marekani, ilikuwa saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu, naye alikuwa amekaa sakafuni kwenye uwanja wa ndege akisubiri basi la chuo. Binti huyu anasoma kwa ufadhili wa mpira wa wavu. Timu yao ilikuwa imecheza mechi mbili upande wa pili wa nchi, Ijumaa na Jumapili, kisha ikarudishwa kwa ndege ya usiku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti imekauka hivyo?"

"Sijalala. Na saa tatu nina mtihani wa kemia."

Nikamuuliza walikwenda kucheza na nani. Alinitajia chuo ambacho, nilipokitafuta kwenye ramani, nilikikuta kinakaribia kugusa Bahari ya Atlantiki. Nikashangaa. Kwani huko kwenu hakuna vyuo vya jirani?

"Vipo, mjomba. Ila hatuko nao ligi moja tena."

Chuo chake sikitaji, kwa sababu bado anakihitaji. Lakini waliosababisha akose usingizi ule wanajulikana, walichokifanya kiko wazi, na nimechoka kusikia kikiitwa mageuzi. Ni uporaji. Walioporwa ni vijana ambao hawakuulizwa, na walichoporwa ni muda, masomo, usingizi na watani wao wa jadi. Vyote hivyo vilitolewa kafara kwa ajili ya mchezo mmoja ambao wengi wao hawauchezi.

Kwa msomaji asiyefuatilia mambo haya, niyaeleze kidogo. Michezo ya vyuo vikuu Marekani huendeshwa kupitia makundi yanayoitwa konferensi. Konferensi ni ligi ya kudumu, yenye ratiba yake, mabingwa wake na mikataba yake ya televisheni. Chuo kikijiunga, kwa kawaida huingia na karibu timu zake zote, kuanzia futiboli ya Kimarekani hadi tenisi ya wanawake. Na kwa muda wa karne nzima kigezo kilikuwa kimoja, ujirani. Big Ten ilizaliwa Chicago mwaka 1896 kwa vyuo vya majimbo ya kati. Konferensi ya pwani ya Pasifiki iliundwa Portland, Oregon, Desemba 1915, na baada ya kubadilisha majina mara kadhaa ikajulikana kama Pac-12. Konferensi ya Pwani ya Atlantiki, ACC, ilianzishwa mwaka 1953. Ukisikia jina tu ulijua ni watu wa wapi. Mashabiki walipanda basi, wachezaji walipanda basi, na aliyefungwa leo alijua mfungaji wake yuko mji wa pili na mwakani watakutana tena.

Sasa sikiliza kilichotokea. Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, vilitangaza kuihama Pac-12 na kwenda Big Ten. Agosti mwaka huohuo Big Ten ikatangaza mikataba ya matangazo na Fox, CBS na NBC, ya miaka saba, iliyoripotiwa kupita dola bilioni 7. Mwishoni mwa Julai 2023 Colorado ikaondoka kwenda konferensi nyingine, Big 12. Asubuhi ya Agosti 4, 2023, viongozi wa vyuo vilivyobaki walitarajiwa kufunga mkataba mpya wa matangazo na Apple. Siku hiyohiyo Oregon na Washington wakahamia Big Ten, tena kwa kukubali mgao pungufu kuliko wenyeji, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Ilipofika Septemba 1, Stanford na Berkeley nao wakaingia ACC. Konferensi iliyodumu miaka 108 ikavunjika ndani ya wiki chache za kiangazi, wanafunzi wakiwa likizo. Vikabaki vyuo viwili, Oregon State na Washington State.

Stanford na Berkeley ziko California, pembeni mwa Pasifiki. Leo zinacheza katika konferensi iliyobeba jina la pwani ya Atlantiki, na zimo humo kwa masharti ya kuchukua takriban asilimia 30 tu ya mgao wa kawaida kwa miaka saba ya mwanzo. Kutoka Stanford hadi Boston, kilipo chuo mwenzao katika konferensi, ni zaidi ya kilomita 4,300 angani. Msomaji wa Dar es Salaam apige picha ya kwenda Cairo, kisha aongeze kidogo, kisha arudi usiku huohuo, kisha asubuhi aingie kwenye chumba cha mtihani.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, na naomba msomaji anivumilie nikichambua, kwa sababu wanaotetea mpango huu hushinda mjadala kwa kuzungumzia "michezo" kama kitu kimoja. Timu ya futiboli ya chuo hucheza mechi 12 katika msimu wa kawaida, mara moja kwa wiki, karibu zote Jumamosi. Katika Big Ten mechi za konferensi ni tisa, kwa hiyo safari za ugenini za konferensi ni nne au tano kwa msimu mzima. Timu hiyo husafiri kwa ndege ya kukodi, hulala hoteli nzuri, na ina watu wa kuiandalia chakula, wakufunzi na walimu wa ziada. Mchezaji wa futiboli akivuka nchi nzima mara mbili kwa mwaka anachoka, lakini Jumatatu yuko darasani.

Sasa chukua besiboli na softiboli, zenye mechi zinazofika 56 kwa msimu. Hizo huchezwa tatu mfululizo mwishoni mwa wiki, na bado zipo mechi za katikati ya wiki. Kikapu kina mechi takriban 31, nyingi siku za kazi, nyingi usiku. Mpira wa wavu una karibu 30, zikibanwa ndani ya miezi mitatu ya muhula mmoja. Wachezaji hawa mara nyingi hupanda ndege za abiria wa kawaida pamoja na mabegi yao, hubadilisha ndege njiani, na ndege ikichelewa wanachelewa nayo. Tofauti ya saa tatu kati ya pwani mbili za Marekani si kitu kwa mtu aendaye mara moja. Kwa msichana anayeivuka Alhamisi na kuirudia Jumapili, tena na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, ni maradhi.

Upande wa pili iko michezo ambayo haikuguswa sana, nami sitaficha hilo. Waogeleaji, wacheza gofu na wanariadha hukutana zaidi kwenye mashindano ya mialiko na ubingwa wa mwisho wa msimu, kwa hiyo wao konferensi mpya huwadai safari ndefu moja au mbili tu. Na iko michezo ambayo konferensi kubwa haziiendeshi kabisa. Polo ya majini ya wanaume ni mfano ninaoupenda. Big Ten haina mashindano yake, basi USC, UCLA, Stanford na Berkeley, vyuo vinne vya jimbo moja vilivyotawanywa na fedha za futiboli, vimeendelea kucheza pamoja katika ligi yao ileile ya magharibi. Pale ambapo televisheni haikuwa na haja ya kutia mkono, ujirani umesalimika. Nani basi atanidanganya kwamba kuvunja ujirani wa wengine kulikuwa lazima?

Watetezi wana hoja yao, na hoja yenyewe ina uzito. Mkono mtupu haulambwi, wanasema. Futiboli ndiyo inayoleta fedha, na fedha hizo ndizo zinazowalipia wapiga makasia, wacheza tenisi na waogeleaji. UCLA ilikuwa na nakisi ya makumi ya mamilioni ya dola katika idara yake ya michezo, na viongozi wake walijitetea kwamba bila Big Ten wangelazimika kufuta baadhi ya timu. Stanford, chuo tajiri mno, ilitangaza Julai 2020 kwamba inafuta timu 11, na ikarudi nyuma Mei 2021 baada ya wachezaji na wahitimu kusimama imara. Hofu ya kufutwa ni ya kweli. Nami sikatai kwamba wapo waliopata neema. Kikapu cha Arizona kimeingia Big 12, ambayo kwa mchezo huo ni moto kuliko Pac-12 ya miaka ya mwisho. Wanawake wa UCLA, katika msimu wao wa kwanza ndani ya Big Ten, walifika nne bora ya kikapu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mwaka 2025 kwa mara ya kwanza. Mpira wa wavu wa wanawake una mashabiki wengi katika majimbo ya kati kuliko popote. Nebraska ya Big Ten iliwahi kujaza watu 92,003 uwanja wa futiboli Agosti 30, 2023 kutazama wasichana wakicheza mpira wa wavu. Mchezaji mwenye ndoto angependa kusimama mbele ya umati kama ule, na nani amlaumu?

Lakini angalia vizuri hoja hiyo inasema nini. Inasema kwamba ili futiboli ilipwe, kila mchezo lazima ufuate inakokwenda. Hapo kwenye "lazima" ndipo uongo ulipojificha.

Notre Dame ni ushahidi ulio hai. Futiboli yake haimo katika konferensi yoyote na ina mkataba wake na NBC tangu mwaka 1991. Michezo yake mingine mingi imo ACC tangu 2013. Magongo yake ya barafuni yako Big Ten tangu 2017. Chuo kimoja, njia tatu, na dunia haijaanguka. Johns Hopkins haina cha kutafuta Big Ten katika futiboli, lakini lakrosi yake ya wanaume inacheza humo. Kwa hiyo hao hao wanaosema michezo haitenganishwi wameitenganisha wenyewe, mezani kwao, kwa saini zao, kila walipoona faida. Hawakuona faida ya kumtenganisha mpwa wangu na futiboli, ndiyo maana hawakumtenganisha.

Na kuna mfano mkubwa zaidi, ambao Mtanzania yeyote anayependa kikapu anaweza kuusimulia, kwa sababu kijana wetu alikuwemo. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, kuanzia 2006 hadi 2009, kisha akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa 2009 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. UConn ya wakati ule ilikuwa Big East, konferensi iliyoanzishwa na majirani wa kaskazini mashariki waliochukiana kwa mapenzi. Usiku wa Machi 12, 2009, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, UConn ya Thabeet na Syracuse walicheza vipindi sita vya nyongeza. Sita. Mechi iliisha saa saba na ushee usiku, Syracuse wakishinda 127 kwa 117, na watu waliokuwepo ukumbini wanaisimulia hadi leo kama sisi tunavyosimulia mechi za Simba na Yanga ambazo baba zetu walituhadithia. Mechi kama ile haitengenezwi na mkataba. Hutokana na miaka mingi ya kufungana, kutambiana na kukutana tena, baina ya watu wanaoweza kufika kwa basi.

Miaka minne baadaye Big East ile ilikuwa imesambaratika. Syracuse ilikwenda ACC. Chanzo kikuu kilikuwa futiboli. UConn iliachwa katika konferensi mpya iliyotapakaa hadi Texas na Florida, pamoja na vyuo ambavyo mashabiki wake hawakuwa na kisa navyo. Kweli, ilitwaa ubingwa wa wanaume mwaka 2014, ikiwa bado na masalia ya nguvu za zamani. Baada ya hapo ikazama, hadi ikapitia misimu mitatu mfululizo yenye vipigo vingi kuliko ushindi. Wakati huo vyuo vya Kikatoliki vilivyoondoka na jina la Big East mwaka 2013, vikaamua kuishi kwa kikapu bila kuitumikia futiboli, vilikuwa vinastawi; Villanova ikachukua ubingwa wa taifa 2016 na 2018. Mwaka 2020 UConn ikafanya jambo ambalo wataalamu wa fedha waliliona wazimu. Ikarudi Big East, ikaiacha futiboli yake isimame peke yake bila konferensi. Wanaume wakabeba kombe la taifa 2023. Wakalibeba tena 2024. Wanawake wakabeba lao 2025.

Nikiona rekodi hiyo, halafu nikamsikia rais wa chuo akisema hakukuwa na njia nyingine, najua hakuitafuta.

Marais. Tuwataje hao, kwa sababu wao ndio wenye kura. Makocha hawapigi kura, wachezaji hawapigi kura, wazazi ndiyo kabisa. Na kinachotia uchungu ni kwamba makocha wa futiboli wenyewe, watu ambao mpango huu unawajaza mifuko, ndio waliosema. Agosti 2023, vumbi likiwa bado linatimka, Eli Drinkwitz wa Missouri alisimama mbele ya waandishi na kuuliza kama kuna mtu aliyehesabu gharama ambayo wanafunzi watalipa, akiwataja hasa wachezaji wa besiboli na softiboli na safari zao za ndege za kawaida. Mwisho wa mwaka huo Chip Kelly, kocha wa futiboli wa UCLA wakati huo, alisema futiboli itengwe ijitegemee na michezo mingine ibaki kikanda. Hawa ni watu wa ndani. Waliona, wakasema, marais wakanyamaza. Bodi inayosimamia vyuo vyote vya Chuo Kikuu cha California, UCLA na Berkeley wakiwemo, iliitaka UCLA itumie fedha za ziada kwa chakula, usafiri na msaada wa masomo wa wachezaji wake, na baadaye ikaiamuru iilipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka kwa miaka mitatu, kwa sababu kuondoka kwake kuliiumiza. Faini hutozwa palipo na kosa. Walijua kuna majeruhi, wakaamua kulipa bili ya dawa na kuendelea kupiga.

Mtu ataniambia hii ni biashara ya miaka hii ya karibuni. Hapana, mlango ulifunguliwa zamani. Hadi mwaka 1984 NCAA ndiyo iliyodhibiti matangazo ya futiboli ya vyuo na kuweka kikomo cha mechi ambazo chuo kimoja kinaweza kuonyeshwa. Oklahoma na Georgia wakaenda mahakamani, na Juni mwaka huo Mahakama ya Juu ikaamua kwa majaji saba dhidi ya wawili kwamba udhibiti huo ni kinyume cha sheria ya ushindani. Mmoja wa wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White. Alikuwa ameicheza futiboli hiyo mwenyewe, nyota wa Chuo Kikuu cha Colorado miaka ya 1930, na alionya kwamba wenzake wanaichukulia michezo ya vyuo kama biashara ya kawaida na kuusahau upande wa elimu. Miaka 39 baadaye chuo chake cha Colorado ndicho kilichokuwa cha kwanza kuondoka katika ule mwezi wa mwisho wa Pac-12. Sijui kama kuna aliyemkumbuka siku ile.

Nirudi kwa wawili walioachwa, maana mmoja wao ana haki ya kudai machozi ya Afrika Mashariki. Washington State iko Pullman, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano. Huko Wakenya kadhaa waliandika majina yao. Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi wa hapo. Mwaka uliofuata Henry Rono, kijana wa Nandi, akafanya kisichowahi kufanywa: rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ile ya mita 5,000 aliiweka Berkeley, Aprili 8. Ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji aliiweka Seattle, Mei 13. Tazama ramani uone. Rekodi mbili kati ya nne zilizaliwa kwenye viwanja vya majirani wa konferensi, mahali ambapo mwanafunzi wa Pullman alifika, akakimbia, akarudi darasani. Julius Korir, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles 1984, alipita hapo. Bernard Lagat alipita hapo.

Rono alifariki Februari 2024. Miezi michache baadaye majirani wa chuo chake wakafungasha rasmi. Washington State na Oregon State zilikwenda mahakamani na kushinda udhibiti wa kilichobaki cha Pac-12, zikapachika timu zao kwa muda katika konferensi nyingine, na zikaanza kuijenga upya nyumba kwa kuwaalika Boise State, San Diego State, Fresno State na wengine kuanzia Julai 2026. Wanawake na wanaume wa pale wamepigana. Besiboli ya Oregon State ilicheza msimu wa 2025 bila konferensi, ikizurura nchi nzima kutafuta wa kucheza naye, na bado ikafika fainali za taifa Omaha. Na Septemba 2024 futiboli ya Washington State ilikwenda Seattle kukutana na jirani aliyeikimbia, ikamchapa 24 kwa 19.

Lakini ushindi wa Jumamosi moja haulipi mishahara ya makocha wa riadha. Juni 2025 Washington State ilitangaza kufuta michezo ya kuruka na kurusha katika timu yake ya riadha na kupunguza mbio fupi, ili ibaki hasa na masafa marefu. Wakimbiaji wetu huenda wakaendelea kuitwa Pullman. Mrusha mkuki, mtupa tufe na mruka juu wameambiwa hakuna nafasi. Chuo cha Rono, Korir na Lagat kimefika mahali pa kugawana riadha vipande na kuchagua kipande cha kubakiza.

Mwezi huohuo wa Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya dola bilioni 2.8 ya kuwafidia wachezaji wa zamani, na kuviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kila chuo katika mwaka wa kwanza. Walistahili kulipwa. Nililiunga mkono hilo kabla halijawa fasheni na ninaliunga mkono leo. Ila fedha hizo zinakwenda kwa sehemu kubwa kwenye futiboli na kikapu cha wanaume, na vyuo vinazitafuta kwa kukata kwingine. Kijana wa Eldoret au Arusha aliyeko huko kwa visa ya mwanafunzi hata hiyo biashara ya matangazo binafsi inambana, kwa sababu visa yake haimruhusu kufanya kazi kiholela. Kwa hiyo yeye hapati mgao wa maana wa utajiri mpya, na timu yake ndiyo ya kwanza kuwekwa kwenye orodha ya kukatwa. Alikwenda kwa sababu chuo kilimwahidi elimu kwa miguu yake. Ahadi hiyo ilitolewa katika mfumo ambao futiboli ilibeba wengine, na sasa futiboli inataka kubebwa.

Ninachodai si kuirudisha dunia ya 1915. Futiboli imeshakuwa kampuni ya televisheni, basi iendeshwe hivyo, iwe na ligi yake ya kitaifa, ratiba yake, makamishna wake, wachezaji wake wanaolipwa. Iende kutoka Seattle hadi New Jersey kila Jumamosi ikitaka. Sehemu ya mapato yake iendelee kulipia michezo mingine, kwa mkataba ulioandikwa, kwa sababu jina la chuo ndilo linalouza tiketi na jina hilo ni mali ya wote. Halafu mpira wa wavu, besiboli, softiboli, soka, tenisi na kikapu warudishwe kwa majirani zao. Stanford icheze na Oregon State. Washington icheze na Washington State kila mwaka, katika kila mchezo, bila kuombana. Anayetaka kwenda Nebraska mbele ya umati wa 90,000 aende kwa mwaliko, wiki moja, kama wanariadha wanavyokwenda kwenye mashindano yao.

Mkataba wa televisheni wa Big Ten unamalizika na msimu wa 2029–30. Ule wa Big 12 unafuatia mwaka mmoja baadaye. Mazungumzo ya mikataba kama hiyo huanza mapema, faraghani, hotelini, na mara hii hawataweza kusema hawakujua. Basi kwenye meza hiyo, kabla ya Fox kutaja bei yake, iwekwe ratiba kamili ya timu moja ya mpira wa wavu ya pwani ya magharibi: saa za kuondoka, saa za kutua, tarehe za mitihani. Waisome kwa sauti. Mpwa wangu ataipiga chapa mwenyewe kama wamekosa wa kuwaandikia. Mtihani ule wa kemia, kwa taarifa yao, alipata alama ya kufaulu kwa shida, na Jumatano yake alikuwa tena uwanja wa ndege.